Msumari wa Ndinda

Kifuniko cha friza bado kiko mkononi mwa Mbithe, palepale tulipomwacha wiki iliyopita, na baridi inampanda mpaka kwenye kiwiko. Ni siku ya nne tangu wamzike mama yake. Chini kabisa ya friza ile kuukuu ya stoo, chini ya magunia matupu, ameona mfuko wa nailoni uliojaa miguu ya kuku.

Miguu ya kuku kichinjioni si ajabu. Hukatwa, huoshwa, hugandishwa, na wauza supu wa soko la Kalamba huifuata asubuhi.

Ajabu ilikuwa kitu kilichozunguka mguu wa juu kabisa. Uzi mwekundu, umekazwa fundo, haujafunguliwa.

Mbithe hakulia. Machozi aliyamaliza kaburini. Aliutazama tu ule wekundu kwenye barafu, na moyo wake, badala ya kuvunjika, ukapata nguvu. Hatimaye alikuwa na ushahidi.

Ushahidi wa nini? Wewe uliyeingia leo kwenye hadithi hii, sogea karibu. Bila habari ya nyuzi hutaelewa kwa nini familia hii inakaribia kuraruana.

Mama yao, Ndinda, alianza kazi mwaka 1998 na sufuria moja ya maji moto, kisu kimoja na gogo, nyuma ya soko la Kalamba. Mumewe alikuwa amekufa. Watoto wake wawili, Mulwa na Mbithe, walinyonyoa kuku kabla ya kwenda shule, hata Mbithe akapewa jina la Manyoya darasani na likamganda mpaka kidato cha nne.

Kuku walitoka Matinyani, kule Kitui alikozaliwa Ndinda, kwa wanawake aliowajua mmoja mmoja. Kila mwanamke alipewa rangi yake. Kuku anapoondoka nyumbani, mwenyewe humfunga uzi wa rangi yake mguu wa kushoto. Akifika Kalamba, Ndinda humshika akiwa hai, humtazama macho, humwinua bawa, hutaja jina la mwenye kuku, kisha hufungua uzi. Kisu kinakuja baada ya uzi.

Kuku aliyekufa njiani hafunguliwi. Huenda shimoni na uzi wake mguuni. Hiyo ilikuwa sheria, na kwa miaka yote hiyo mikono ya kichinjio kile iliizoea mpaka haikuhitaji kukumbushwa.

Na mlangoni palikuwa na msumari. Mwanamke akileta kuku mgonjwa huku akijua, rangi yake ilitundikwa pale mbele ya wote, na kuanzia hapo hakuuza tena kwa Ndinda. Msumari ule ulikuwa na rangi moja tu, ya manjano, iliyofifia kwa vumbi na jua. Ilikuwa ya Eunice, mdogo wake Ndinda, wa tumbo moja.

Dada mkubwa aliitundika bila kupaza sauti, akarudi kuchinja. Habari ikatembea. Wenye hoteli wakasema, kama hakumwachia dadake, basi nyama yake ni ya kuaminika. Kuku wake wakafika kila jiko la Mombasa Road, kutoka njia panda ya Kilungu hadi Emali. Sufuria ikawa jengo la vigae, gogo likawa meza za chuma, na getini yakaandikwa kwa herufi nyekundu maneno matatu: KUKU WA NDINDA.

Kisha ukaja mwezi wa nane mwaka huu. Mkutano mkubwa wa kanisa huko Kilungu ulilishwa kuku wa Ndinda Jumamosi mchana. Kufikia jioni watu thelathini na mmoja walikuwa wamelazwa, wakitapika. Hakuna aliyekufa, lakini jina lilikufa. Maafisa wa afya walikuja Jumapili, wakapekua chumba cha baridi, wakafunga mlango kwa kufuli. Walipomuuliza Ndinda, alijibu maneno matatu: "Kosa ni langu."

Hakuongeza lingine. Aliacha kwenda kanisani, akaacha kula, akalazwa hospitalini, na wiki ya saba moyo wake ukasimama.

Mbithe hakuyaamini maneno yale hata siku moja. Mama anafunika mtu, alijiambia. Sasa alijua ni nani. Nyuzi zilizobaki miguuni zilikuwa na maana moja tu: kuku wafu walichinjwa humu ndani. Na funguo za kichinjio zilikaa na Mulwa.

Alipiga simu palepale stoo. Alimpigia Kinyanjui wa Emali, mteja wao wa zamani, aliyekuwa aje saa nane mchana huohuo kukinunua kichinjio. Sharti lake lilikuwa moja. Jina la Ndinda lifutwe getini.

Mbithe alimuuliza, akimwonyesha mtu aliyefanya uovu ule, na mtu huyo asiwe mama yake, je, jina litabaki?

"Mama Kilonzo, mimi nanunua sifa, sinunui kuta," Kinyanjui akasema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Nionyeshe mtu, na jina libaki."

Mbithe akabeba mfuko.

Mulwa alikuwa juu ya ngazi pale getini na mkebe wa rangi nyeupe. Neno KUKU lilikuwa limekwisha kufutika. Yalibaki mawili.

"Shuka," Mbithe alimwambia.

Mulwa aliutazama mfuko. Uso wa dada yake hakuutazama. Brashi ilisimama hewani, tone jeupe likamwangukia kiatuni.

"Umeutoa wapi huo?"

"Pale ulipouficha."

Alishuka polepole, kama mzee, na ana miaka arobaini na mitatu tu. Alimwomba aurudishe kwenye friza. Alimwomba mara mbili, kwa sauti ya chini. "Iache igande, Mbithe. Nilikuwa niitupe nikimaliza hapa."

Ndipo Mbithe akafungua kinywa. Alimwambia yote aliyokuwa ameyameza kwa wiki saba. Kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitafuta oda kubwa kubwa wakati mama anataka kidogo na kizuri. Kwamba yeye ndiye aliyeipokea oda ya mkutano ule. Kwamba alimwachia mwanamke mzee abebe aibu yake mpaka kaburini, halafu hakuona haya kushika jeneza upande wa mbele, amevaa tai.

Mulwa alifuta brashi kwenye nyasi, upande huu na upande ule.

"Umemaliza?"

"Nitamalizia saa nane, Kinyanjui akiwa hapa."

"Basi mwambie ni mimi."

Mbithe alitarajia abishe. Alitarajia hata amsukume. Hili hakulitarajia, na likamzidishia hasira. Akamuuliza anakubali namna hiyo, kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai?

"Wataka nikubali vipi? Nipige magoti?"

Kwa jibu hilo Mbithe aliuinua mfuko, akaumwaga wote juu ya sakafu ya simenti mbele ya mlango wa kichinjio, kwenye jua kali. Ulianguka kama jiwe, miguu imeshikana kwa barafu nyeupe, na ule mmoja mwekundu ukiwa juu. Alitaka Mulwa aitazame ikiyeyuka. Alitaka kila atakayeingia getini aione.

Wa kwanza kuingia alikuwa Kasyoka.

Kasyoka amenyonyoa kuku wa Ndinda tangu siku za sufuria. Vidole vyake vimekuwa vyeupe kwenye ncha kwa ajili ya maji moto. Alikuja kuchukua aproni yake tu, mwenye mali mpya asije akamkuta. Alipoiona simenti ile, alijifunika mdomo kwa kiganja.

"Aliniambia ameizika," akasema.

"Nani alikwambia?"

Kasyoka alimtazama Mulwa. Mulwa akageuza uso.

"Kasyoka, nakuuliza. Nani?"

"Mama yako, mwanangu. Ni nani mwingine?"

Mbithe alicheka, kicheko kifupi kibaya. Alimwambia mama mzee asijitie kwenye uongo wa Mulwa, atalaaniwa. Hapo Kasyoka alikasirika. Alivuta kreti, akaketi, akasema kwamba tangu azaliwe hajaambiwa neno kama hilo na mtoto aliyemfundisha kunyonyoa, na kwa kuwa ameitwa mwongo, basi atasema kweli.

Alhamisi ile, siku mbili kabla ya mkutano, Mulwa hakuwepo. Alikuwa Emali na gari, akarudi Ijumaa. Pikapu ya Matinyani ilifika saa nne ikiwa na kreti nane. Sita zilikuwa nzuri, ila kuku mmoja mwenye uzi mwekundu alikuwa amekufa kwa joto, jambo la kawaida. Walipofungua zile mbili za mwisho, hakuna kilichotikisika.

"Ishirini na sita," Kasyoka alisema. "Wote wamelala, midomo imejaa ute. Nikasema twende shimoni. Akanyamaza. Alisimama juu ya zile kreti mpaka maji kwa sufuria yakapungua nusu. Halafu akaniambia nifunge mlango."

"Kwa nini ufunge mlango?"

"Wafanyakazi wengine walikuwa chai. Alitaka wasione." Kasyoka alikunja aproni mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Alichinja maiti, Mbithe. Kisu kikipita, damu haitoki. Tulipofika miguuni akaniamuru nifungue nyuzi. Nikamwambia mimi siwezi. Akajaribu mwenyewe. Vidole vikafika kwenye fundo, vikasimama. Akajaribu mwingine, vikasimama. Mwishowe akakata miguu ya kushoto hivyohivyo na nyuzi zake, pamoja na ule mwekundu, akatia kwa mfuko. Hapo ndipo nilipomwona akilia."

Getini brashi ilianguka ndani ya mkebe.

Mbithe alihisi simenti inasogea. Alishika ukuta. Alitafuta sababu, na ya kwanza iliyokuja aliishika kwa mikono miwili: oda. Mama aliogopa kulikosea kanisa.

"Oda ilikuwa imetimia," Kasyoka akasema. "Hao ishirini na sita hatukuwahitaji hata. Aliwachanganya na wengine chumba cha baridi, wafanyakazi wakawapakia Jumamosi bila kujua. Si oda, mwanangu."

Alisema hivyo akiangalia chini, kwenye simenti. Mbithe naye akaangalia.

Jua la Kalamba saa saba halina huruma. Barafu ilikuwa imekuwa maji, na maji yalikuwa yanatafuta njia kuelekea mfereji. Miguu ilikuwa imeachana. Ule mwekundu ulikuwa peke yake, umeteleza pembeni. Iliyobaki yote ilikuwa na rangi moja.

Kijani.

Na haukuwa uzi wa dukani. Ilikuwa sufu ya sweta, yenye mikunjo midogomidogo ya kufumuliwa. Sweta ya shule ya Kilonzo, mwanawe, ilipokuwa imembana. Mbithe mwenyewe aliifumua mkono mmoja, akaweka mpira wa sufu kwenye mkebe wa majani ya chai, na sweta iliyobaki akamgawia mtu.

Kijani ilikuwa rangi yake. Mama yake alimpa siku alipoolewa Matinyani, akacheka, akamwambia sasa na wewe ni mmoja wa wanawake wangu.

Msomaji, unakumbuka ule uzi mwekundu ulivyompa nguvu asubuhi? Sasa unajua kwa nini: haukuwa wa kijani. Kwa wiki saba Mbithe alikuwa ameifunga Alhamisi ile mahali fulani ndani yake na hakutaka kuifungua.

Kideri kilikuwa kimeingia kijijini, ule ugonjwa unaofagia kuku wa nyumba nzima kwa siku nne. Kilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake. Alhamisi kabla ya mapambazuko aliwasha tochi ya simu na kukuta kuku wake wanne wameinamisha vichwa, mabawa yanaburura. Alijua. Manyoya, aliyefundishwa kutazama macho na kuinua bawa tangu akiwa na miaka sita, alijua kabla hajawagusa.

Aliwafunga wote ishirini na sita nyuzi za kijani, akawapakia. Akamwomba dereva aende mbio. Wakifika saa nne, alijiambia, mama atawachinja kufikia saa sita, na ugonjwa utakuwa haujaingia nyamani. Kila mtu kule huharakisha kuuza kideri kikisikika. Lakini wengine hupeleka sokoni, kwa watu wasiowajua. Yeye aliwapeleka kwa mama yake.

Na saa moja jioni mama alipiga simu. Mbithe aliikumbuka sauti ile, kavu, ya mtu aliyechoka. "Kuku wako wamefika salama." Basi. Mbithe alimshukuru Mungu, akalala.

Kama Ndinda angewapeleka shimoni, kila mtu kichinjioni angeiona kijani. Na kijani ingelazimika kutundikwa msumarini, kando ya manjano ya dada yake. Kwa Eunice aliweza. Mbele ya kreti zile mbili hakuweza.

"Alinishika mkono hospitalini," Mulwa alisema. Alikuwa amekuja karibu bila yeye kusikia. "Akaniambia, dada yako asijue. Hakuniambia lingine. Hata bwana Yesu hakumtaja. Wewe tu. Nilipoikuta miguu ile frizani ndipo nikaelewa."

Mbithe aliutazama msumari mlangoni.

"Sasa nisikilize, Kinyanjui yuko njiani." Mulwa aliongea haraka. "Sema ni mimi, vile ulivyokuwa useme. Jina litabaki. Mimi nina leseni ya gari, nitaenda popote. Si wewe ulitaka jina libaki?"

"Mulwa..."

"Mimi nimeshatukanwa yote leo, na bado nasimama. Haiumi sana."

Honi ikalia getini.

Kinyanjui alishuka, mtu mnene mwenye koti la buluu, akalipiga jicho lile geti lililofutwa theluthi. Kutoka upande wa pili wa gari alishuka mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi cha matanga. Mbithe alimtambua. Alikuwa Eunice. Baada ya kutimuliwa, Eunice alipata kazi ya kumkusanyia Kinyanjui kuku huko Matinyani. Siku ya mazishi alisimama mwisho wa umati na hakutupa udongo.

Kinyanjui aliwapa pole tena. Kisha akamgeukia Mbithe kwa upole, akamkumbusha simu ya asubuhi. Aliahidiwa kuonyeshwa mtu.

Maji yalikuwa bado yanatiririka kutoka kwenye miguu.

Mbithe aliinama. Aliokota mguu mmoja, akauweka kwenye kiganja, akafungua fundo. Vidole vya mama yake vilishindwa. Vyake havikushindwa, kwa sababu vilikuwa vinalijua fundo lile, ndivyo vilivyolifunga. Alisikia Kasyoka akivuta pumzi. Alitembea mpaka mlangoni, akautundika uzi wa kijani kwenye msumari, kando ya manjano.

"Hiyo ni rangi ya nani?" Kinyanjui akauliza.

"Yangu," Mulwa alisema kabla Mbithe hajageuka. "Kuku walikuwa wangu, nilijua wamekufa, nikawachinja. Mama hakuwa na habari."

Kinyanjui alimtazama kwa muda mrefu. Aliitazama miguu, akamtazama Kasyoka, aliyekuwa amefumba macho. Mwishowe akatikisa kichwa, kama mtu aliyetarajia jambo hilohilo. Alimwambia Mulwa asikanyage tena mahali pale. Akasema brashi iwekwe chini, na fundi wa kuandika aitwe arudishe lile neno moja lililofutwa. Jina libaki.

Hivyo ndivyo Mbithe alivyopata alichokitaka. Jina la mama yake lingebaki getini, jekundu, na yeye hakuhitaji kufanya lolote isipokuwa kunyamaza.

Akanyamaza.

Eunice ndiye aliyekwenda msumarini. Hakuna aliyemkataza. Aligusa kwanza manjano yake, akaipangusa vumbi kwa kidole gumba, akaitoa polepole, akaiweka kifuani. Halafu akaishika ile kijani, akaisugua kati ya vidole viwili, kwa utaratibu wa mwanamke anayejua sufu.

"Mulwa, mwanangu," akasema, "tangu lini wewe unafuga kuku Matinyani?"

Eunice alimgeukia Mbithe. Hakuwa na hasira usoni. Afadhali angekuwa nayo.

"Ile sweta ya Kilonzo uliyonipa nimvalishe mjukuu wangu, bado haina mkono mmoja," akasema. "Iko kwa gari, naipeleka kwa fundi. Niilete, ama utasema mwenyewe?"